Tuachieni Jioni Zetu

Tumechoka kuambiwa tuamke saa 10 alfajiri.

Kila tukisema kwamba riwaya imekwama sura ya saba, au kwamba mswada wa mashairi umelala kabatini tangu mtoto wa kwanza hajazaliwa, hakosi mtu wa kutushauri. Amkeni mapema. Punguzeni usingizi. Zimeni runinga. Mwenye nia hakosi muda. Wahamasishaji wanayasema haya kwenye semina, ndugu zetu wanayasema misibani na harusini, na wenzetu wachache ambao vitabu vyao vimeingia shuleni wanayarudia redioni. Sisi tunaoandika baada ya kazi ya mshahara ni walimu, wauguzi, makarani wa halmashauri, wahasibu, walinzi, mawakala wa miamala ya simu. Anayekaa Chanika na kutakiwa awe Posta saa 1:30 asubuhi, saa 10 hiyo anaoga. Wa Kibaha anafunga mlango awahi gari. Muuguzi wa zamu ya usiku anapima presha wodini na kuandaa ripoti ya kukabidhi zamu. Mlinzi yuko lindoni. Saa mnayotupangia ilishachukuliwa na kazi siku nyingi.

Hamasa tunayo, na hilo tunaomba lieleweke kabla ya mengine yote. Mtu asiye na hamasa haandiki sura nzima ya riwaya kwenye simu akiwa amesimama ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba, kidole gumba cha mkono wa pili kinatafuta herufi, konda anamsukuma asogee nyuma. Mwalimu mmoja katika kundi letu ana kaunta buku la kwaya tatu. Ukilifungua mbele unakuta maandalio ya somo la Historia, kidato cha pili, yamepigwa mistari kwa rula na kusainiwa na mwalimu wa taaluma. Ukiligeuza na kulifungua nyuma unakuta riwaya, kwa mwandiko mdogo uliobanana, kwa sababu karatasi ni zile zile na kila wiki maandalio yanazidi kuisogelea hadithi. Anaandika wakati wa prepu, zamu ikiwa yake, wanafunzi wakijisomea kwa taa mbili kati ya sita. Zimebaki karatasi chache katikati na bado hajaamua kama mhusika wake atafika Kigoma au atafia njiani. Mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu nia?

Kinachotumaliza ni jioni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisipite 50 katika kipindi cha wiki nne, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kisha lipo jambo ambalo wengi wetu hatukulijua mpaka mwenzetu wa ofisi ya utumishi alipotusomea: kati ya kumaliza kazi leo na kuianza kesho, mfanyakazi anatakiwa apumzike angalau saa 12 mfululizo. Tulizipigia hesabu saa hizo pale pale. Ukitoka saa 11 jioni, toa safari ya kurudi, toa chakula na kuoga, toa madaftari ya watoto, toa usingizi wa saa sita na maandalizi ya alfajiri. Inabaki saa moja, pengine moja na nusu. Hatuombi zaidi ya hiyo. Kwa saa moja ya utulivu mtu aliyezoea anaandika ukurasa, na kwa jioni 200 anapata riwaya ya kurasa 200, mwaka haujaisha, na siku za kufuta na kuandika upya bado anazo.

Saa hiyo ndiyo hatuipati, kwa sababu kazi imehamia mfukoni. Kundi la WhatsApp la ofisi halina kufunga. Saa 3 usiku unaingia ujumbe: takwimu za robo mwaka zinahitajika, ziwe mezani kesho saa 2. Walimu wanatumiwa fomu usiku, irudishwe usiku huo huo. Afisa wa kata anapigiwa Jumapili mchana kwa sababu Jumatatu kuna mgeni, na taarifa ya miradi lazima ibadilishwe tarehe. Anayekaa kimya anahesabiwa hana ushirikiano, na neno hilo linamfuata mpaka kwenye kupandishwa cheo. Malipo ya ziada hakuna, kwa sababu mbele ya mwajiri hiyo haikuwa kazi, ilikuwa ujumbe tu.

Mtatuambia kwamba kujibu ujumbe ni dakika ishirini. Anayeandika anajua kilichopotea. Umehangaika nusu saa mpaka ukasikia sauti ya mhusika wako, ukajua atamjibu nini mama mkwe wake, ukaanza sentensi. Simu ikaita. Ukaenda kutafuta jedwali la matumizi ya mafuta ya gari, ukalituma, likarudishwa kwa sababu safu ya tatu haikujumlishwa, ukalituma tena. Ukirudi, sentensi iko nusu na huikumbuki ilikuwa inakwenda wapi. Mama mkwe kanyamaza. Unakaa mbele ya karatasi ukiwaza mafuta ya gari, kisha unalala. Ikijirudia hivyo wiki nzima, ya pili huifungui kabisa ile karatasi, na hapo ndipo tunaambiwa tumepoteza hamasa.

Wengine wanatutajia Shaaban Robert. Mbona yeye alikuwa karani? Ni kweli alikuwa karani. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926 na kudumu humo mpaka 1944, akahamia idara ya mifugo Mpwapwa, kisha akarudi kutumikia ofisi za serikali Tanga. Kusadikika kilichapwa mwaka 1951 naye bado yuko kwenye utumishi. Wasomi zaidi wanaongeza Naguib Mahfouz wa Misri, aliyetumikia wizara za serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, akaandika riwaya zake ndani ya miaka hiyo hiyo, na mwaka 1988 akapewa Nobel. Majina haya tunayapenda kuliko wanaotupigia nayo. Wapo kati yetu walioingia kwenye uandishi kwa sababu tu walisikia darasani kwamba mtu wa forodha aliandika vitabu. Lakini tunaomba wasomwe vizuri. Karani wa 1950 alipofunga faili jioni, faili lilibaki kabatini, na kabati lilibaki ofisini. Bwana mkubwa aliyemhitaji usiku ilibidi atume mtu. Hatusemi maisha yake yalikuwa mepesi, maana alitumikia serikali ya kikoloni kwa ujira wa Mwafrika, na hilo peke yake ni mzigo ambao sisi hatukuubeba. Tunasema jioni yake ilikuwa na mlango, na mlango huo uliweza kufungwa.

Tena kuna jambo jingine katika maisha ya Shaaban Robert ambalo halitajwi na watu wa hamasa. Zipo barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, za kuanzia 1931 hadi 1958, zilizokusanywa na Profesa Mulokozi na kutolewa na TUKI mwaka 2002. Miaka 27 ya barua. Alikuwa na mtu upande wa pili, mtu aliyesoma, mtu aliyengoja bahasha ifike. Hilo tutalirudia, kwa sababu ndilo tunalolililia kuliko yote.

Kwanza tuseme ya nyumbani, ingawa hapa tunasema kwa heshima, maana hawa ni watu wetu. Kodi inalipwa kwa miezi sita, ada za shule zinakuja na michango yake, umeme wa LUKU unaisha katikati ya wiki. Mwenza wako akikukuta umekaa na karatasi saa 4 usiku, ni haki yake kuuliza hiyo inaleta nini. Jirani anafuga kuku jioni, mwingine anauza chipsi, na kila mmoja jioni yake inaonekana. Sisi yetu haionekani. Mzee anauliza, "Hivi mwanangu, hicho kitabu bado tu?" Anauliza kwa upendo, na bado swali linauma, kwa sababu jibu ni kwamba bado, na mwaka jana lilikuwa hilo hilo.

Kwa wanawake kati yetu mzigo ni mwingine kabisa. Mwanamume akijifungia chumbani na daftari, watoto wanaambiwa wasipige kelele, baba ana kazi. Mwanamke akifanya hivyo, ndani ya dakika kumi mlango umegongwa mara tatu. Dada mmoja wa kundi letu, muuguzi, aliacha kutafuta meza. Anaandika kwa mdomo. Anaweka simu juu ya kabati la vyombo, anabonyeza kurekodi, kisha anakata vitunguu huku akisimulia riwaya yake kwa sauti ya kawaida. Jumamosi akiwa hana zamu anasikiliza na kunakili. Tuliwahi kusikiliza kipande kimoja. Binti wa kwenye hadithi anasimama mlangoni kwa mjomba wake, anataka kudai shamba la marehemu baba yake, ameshavuta pumzi aseme, na hapo inaingia sauti ya mtoto: "Mama, ishirini na saba gawanya kwa nne inabaki ngapi?" Mama anajibu inabaki tatu, anaeleza kwa nini, anaonja mboga, anaongeza chumvi, na bila kubadilisha sauti anamrudisha binti mlangoni na binti anasema aliyotaka kusema. Tulinyamaza wote. Kati yetu hakuna aliyeandika kitu bora kuliko kipande kile mwaka huo, na tunaamini nchi inapoteza mengi kwa kumwacha mtu kama yule aandike juu ya kabati la vyombo.

Kazini nako kuna hofu ambayo haisemwi. Ukijulikana unaandika, wakubwa wanaanza kujitafuta. Umeandika juu ya mkurugenzi mla rushwa wa wilaya ya kubuni, na mtu wa ghorofa ya pili anakuita kukuuliza ulimaanisha nani. Kosa dogo la kazi linaelezwa kuwa limetokana na hadithi zako. Ndiyo maana wengi wetu tunatumia majina ya bandia, na wengine wanasubiri kustaafu. Tumezika wawili waliokuwa wakisubiri kustaafu. Miswada yao iko kwa familia, na familia hazijui pa kuipeleka.

Turudi kwenye kungojewa.

Tumejichunguza sana sisi kwa sisi: ni lini tuliandika mfululizo bila kukwama, tukiwa na kazi zile zile, foleni ile ile, watoto wale wale? Majibu yote yalielekea upande mmoja. Tuliandika pale ambapo mtu alikuwa anaingoja kazi. Mzee mmoja kati yetu aliwahi kuwa na hadithi ya mfululizo kwenye gazeti la wiki, enzi ambazo magazeti yalikuwa na ukurasa wa hadithi na watu walinunua gazeti kwa ajili ya ukurasa huo. Eric Shigongo alijulikana nchi nzima kwa njia hiyo, hadithi zikitoka kipande kipande na wasomaji wakigombea gazeti kujua kilichotokea. Mzee wetu alikuwa karani wa bohari. Anasema miaka ile hakuwahi kujiuliza kama ana hamasa. Jumanne mhariri alikuwa anataka kipande, basi Jumatatu usiku kipande kiliandikwa, kwa kibatari kama umeme umekatika. Ukurasa ulipofutwa gazetini, naye akaacha kuandika. Alituambia kwa mdomo wake kwamba hakuchoka, ila hakuna aliyemuuliza tena.

Vijana wanaouza hadithi kwa makundi ya simu wanalijua hili. Msomaji analipia kwa simu pesa kidogo, anaongezwa kundini, anatumiwa vipande. Kipande kikichelewa jioni moja, watu hamsini wanauliza kiko wapi. Fasihi yao mtaikosoa mtakavyo, na sisi tunayo ya kuikosoa, lakini vijana hao wanamaliza hadithi zao. Binti mmoja wa duka la dawa amemaliza tatu. Sisi wenye shahada tuna sura sita kila mtu.

Mashindano nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kitabu kilichomleta mpelelezi Bwana Msa kwetu, kilishinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957 na 1958 lililoendeshwa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki, kisha kikachapwa 1960. Mwandishi wake alikuwa mtu wa kazi, mwanahabari wa Zanzibar. Leo tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa 2023, na tuna ile ya Safal-Cornell, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell. Tunazishukuru kwa dhati. Mwezi wa kufunga milango ya tuzo hizi ndio mwezi ambao kundi letu linaandika kuliko yote, na hapo kazini hakuna kilichopungua. Tarehe ipo na msomaji anajulikana yupo. Hayo mawili tu yanatosha kumtoa mtu kitandani bila mhamasishaji. Ila tuzo huja mara moja kwa mwaka, na washindi ni wachache.

Kwa hiyo malalamiko yetu makubwa yanawaendea wenye kazi ya kungoja, nao ni wachapishaji. Tunajua biashara yao ni ngumu. Tunajua kitabu kisichosomwa shuleni kinakaa dukani, tunajua bei ya karatasi, tunajua kitabu kikitoka leo kesho kinapigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuzungushwa kwenye simu. Hapo hata sisi waandishi tuna lawama, maana wapo kati yetu wanaozungusha vitabu vya wenzao wakidhani wanasaidia fasihi, na Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999. Lakini mswada ukipelekwa kwenu, mnaufanya nini? Mtu amechapisha kurasa 180 stesheneri, akilipa kwa ukurasa, akaomba ruhusa nusu siku kazini, akapanda magari mawili, akauacha mapokezi. Dada wa mapokezi kaandika jina kwenye daftari na kusema, "Tutakujulisha." Mwaka unapita. Unapiga simu, unaambiwa mhariri yuko kwenye kikao. Mwaka wa pili aliyekuwa mhariri ameacha kazi. Mwaka wa tatu mtu anakupigia kukuambia kitabu kinaweza kutoka ukichangia gharama za uchapaji, na ukimuuliza kama wameusoma, anataja jina la kitabu cha mtu mwingine.

Huyo mnayemwambia mwaka wa tatu kwamba achangie ndiye aliyeandika akiwa ameshika bomba. Ndiye aliyeandika juu ya kabati la vyombo. Alikuwa na mswada wa pili, ameshauacha.

Mwajiri tunamwomba simu zikome saa 12 jioni isipokuwa kwa dharura ya kweli, na dharura yenyewe ilipwe kama sheria inavyotaka. Magazeti tunayaomba ukurasa mmoja wa hadithi kwa wiki, na mhariri wa kuupigia simu. Maktaba za mikoa tunaziomba zibaki wazi hata siku mbili kwa wiki mpaka saa 3 usiku, maana tukitoka kazini na foleni ikatukuta, tunafika mlango unafungwa. Ninyi wachapishaji hatuwaombi mtuchapishe wote. Someni kurasa kumi za mwanzo, mtujibu ndani ya miezi mitatu, muandike mlipochokea na kwa nini. Kama jibu ni hapana, tuleteeni hiyo hapana. Tunayo ya kufanya nayo.